Figa la Nyamizi

Alikuja msanii katika mji mmoja, akaomba kila nyumba ilete figa moja ajenge mnara wa wakazi wote pale sokoni. Watu walileta huku wakicheka, maana siku hizi wanapikia gesi. Nyamizi alikuja wa mwisho, figa kichwani, bado lina joto la uji wa asubuhi.

Mama mkwe wake alimfuata akihema. "Rudisha, mwanangu! Figa halitoki jikoni mpaka mwenye nyumba afe."

"Ndiyo maana nimelileta, mama."

"Maiti ya mwanangu Maganga umeiona wewe?"

"Mgodi ulimfukia, mama. Nimechoka kumpakulia mtu asiyekuja."

"Weka hapo juu, dada," alisema msanii.

Nyamizi akaliweka. Mama mkwe akavua kilemba, akajifunga kiunoni, akaangua kilio cha msiba akimwita mwanawe kwa jina. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Msanii akamwomba bibi arudie kidogo, picha haikutoka vizuri.

Nyamizi akaketi mavumbini, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa, akangoja walau mtu mmoja aje akae naye.