Kijana Namba 417

"Nimechoka kuamuliwa kila kitu. Jumapili ninaondoka nyumbani."

Ujumbe uliingia Jumatano mchana, Mshauri akiwa amekaa sebuleni kwake na kompyuta ya mradi mezani. Alikuwa zamuni. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuwajibu vijana wanaobalehe, kuwasikiliza na kuwatia moyo wapate sauti katika mambo yanayowahusu. Kwenye semina walimpigia makofi. Nyumbani, mwanawe wa miaka kumi na sita alimjibu kwa kuinua mabega.

Huduma ile haikuuliza jina wala umri. Mtambo ulificha namba ya simu, ukampa kila anayeandika namba nyingine na kumwita kijana, maana mradi ulikuwa wa vijana. Huyu alikuwa Kijana 417. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiandika, sentensi kamili, nukta na mkato mahali pake.

"Wananichagulia nguo," alianza. Kisha: "Nikitaka kutoka, lazima niseme naenda wapi na narudi saa ngapi." Kisha: "Nikichangia neno mezani, wanatazamana wanacheka, halafu wanaendelea na yao."

Mshauri alikuwa amemhurumia kama anavyowahurumia wote. Leo alisoma mstari wa mwisho wa ujumbe ule, moyo ukamlia paa.

"Jana nilinyang'anywa ufunguo wa mlango wa mbele."

Jana yeye mwenyewe, baada ya mlango kukutwa wazi mara mbili, alikusanya funguo zote za nyumba akazifungia kabatini. Na namba ya huduma hakuna asiyeijua humo ndani; ilikuwa kwenye kalamu, vikombe na fulana za mradi zilizozagaa mpaka jikoni. Kumbe ni mwanawe! Mtoto mjanja, ameweka nukta na mkato makusudi ili asijulikane. Mwalimu wake wa Kiswahili angefurahi.

Alijibu: "Usiondoke. Nipe siku chache tu." Akabonyeza. Simu ikalia chumbani kwa mwanawe.

Aliinuka nusura aangushe kiti. Mwanawe alikuwa amejilaza kitandani, waya za simu masikioni. Bibi, yaani mama mzazi wa Mshauri, aliyehamia kwao mwaka jana, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo za kukunja mapajani.

"Mama, hebu nenda ukapumzike," Mshauri alisema. "Nataka kuongea na mjukuu wako."

"Nami nilikuwa naongea naye."

"Baadaye, Mama. Na uvae sweta, kuna baridi."

Bibi alitoka taratibu. Mshauri akaufunga mlango. Miiko ya kazi ilimkataza kumwambia mteja kwamba amemtambua, na woga ulimkataza mengine yote. Akajikuta anauliza kama mtoto amekula. Mtoto akainua mabega.

Tangu jioni ile alijirekebisha mpaka mumewe akamuuliza kama anaumwa. Akawa anabisha hodi kabla ya kuingia kwa mwanawe. Akamrudishia ufunguo wake. Akamwacha anyoe nywele alivyotaka, na nywele zile, ukweli usemwe, zilimuuma kuzitazama. Lakini zililipa: mtoto alianza kukaa mezani mpaka chakula kinakwisha, na mara moja alisimulia habari ya shuleni bila kuulizwa. Mshauri alikwenda kulala akiwa na furaha.

Ijumaa asubuhi, 417 akaandika: "Hakuna kilichobadilika. Begi liko tayari."

Hapo Mshauri alilia, kweli kweli, kompyuta ikimtazama. Alikuwa amewafundisha wazazi mia na ushee namna ya kumbakiza mtoto nyumbani, na wake anafunga begi. Akafuta machozi kwa fulana ya mradi, akaandika: "Sema nao kwanza. Omba kikao cha familia. Yaandike yanayokuuma kwenye karatasi, na ukitetemeka, soma tu."

"Watasema kwa umri wangu huu nisijisumbue na maamuzi."

"Umri haumnyimi mtu sauti," alijibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuyanakili maneno hayo kutoka kwenye kijitabu cha mradi. "Jaribu. Nakuomba."

Jibu halikuja. Jumamosi asubuhi alishindwa kusubiri, akaita kikao mwenyewe. Mumewe alikunja gazeti. Mwanawe alikuja na kipande cha mkate mkononi. Bibi alikuwa tayari kwenye kochi la pembeni, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Leo hakuna kumkatiza mtu," Mshauri alisema, akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, usiondoke. Kama nimekukosea, nisamehe. Sema lolote, mimi nasikiliza."

Mtoto aliacha kutafuna. Akamtazama baba yake, kisha mama yake.

"Niondoke niende wapi, Mama? Mbona wiki hii tunaishi vizuri tu?"

Pale kochini, karatasi ilikuwa ikikunjuliwa polepole.

"Mshauri wangu kasema nikitetemeka nisome tu," alisema Bibi, akivaa miwani. "Kwa hiyo mnivumilie."