Bonde ni Shwari

Palikuwa na Kwale, mpiga mbiu wa porini, aliyetangaza habari akisimama juu ya kichuguu cha Mzee Ngiri. Asubuhi moja aliwaona ngiri wakibomoa mashimo ya nungunungu bondeni, wakiwafukuza wenye mashimo ili wao ngiri wapate viazi mwitu. Akakimbilia kichuguuni.

"Utasema nini?" Mzee Ngiri akamuuliza.

"Niliyoyaona, mzee."

"Kwani kichuguu hiki umekijenga wewe? Sema wamegombana kidogo, yamekwisha."

Kwale akapanda kichuguu, akapaza sauti: "Bonde ni shwari!"

Dada ya Mzee Ngiri alikuwa njiani akirudi kutoka ukweni. Aliposikia hivyo akakatiza bondeni bila wasiwasi. Alifika nyumbani akichechemea, pua imejaa miiba ya nungunungu, jicho moja limefumba.

"Tangaza kwamba nungunungu ni wauaji!" mzee akafoka.

Lakini dada yake alimgeukia Kwale. "Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

Kwale hakupanda tena kichuguu. Alisimama chini, vumbini, akasimulia yote tangu mwanzo. Sauti yake haikufika mbali, ikabidi ngiri na nungunungu wasogeleane ili wamsikie.