Vali ya Bwana Ledbetter

Karatasi ya njano ilikuwa inaning'inia kwenye kitasa cha mlango. Burl Ledbetter aliisoma mara mbili, akajua kosa lake ni moja tu: kupiga simu kulalamika.

Jumapili, akiwa anaoga, maji ya bomba la baridi yalimjia ya vuguvugu, yananuka dawa. Jumatatu akapiga simu idara ya maji ya mji. Jumanne wakamjibu kwa karatasi: vali yake ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la mji haijapimwa mwaka huu. Aipimishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo maji yanafungwa.

"Yaani mimi ndiye niliyesema maji ni mabaya," alimwambia mkewe, "halafu mimi ndiye mshitakiwa!"

"Ulitakiwa kuipimisha mwezi wa tatu," Verna alisema, macho yake hayajatoka kwenye maharage mabichi aliyokuwa akiyakatakata. "Nilikukumbusha. Ukaniambia vali haina homa."

Akapiga simu tena. Safari hii aliyepokea ni mkaguzi wa maji mwenyewe, binti aitwaye Tonya Beasley.

"Bwana Ledbetter, Jumapili asubuhi bomba kuu lilipasuka. Presha ikishuka namna ile, bomba linanyonya badala ya kutoa. Linavuta chochote kilichoungwa nalo. Na wewe una mabomba ya kumwagilia nyasi chini ya ardhi, na hizo nyasi unazitilia mbolea."

"Mbolea yangu haichemki, binti! Maji yalikuwa ya vuguvugu!"

"Vali ikipimwa tutajua, mzee."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani yake Curtis, ambaye nyasi zake zilikuwa na mabaka kama mbwa mwenye ukurutu, alipita na gari polepole, akashusha kioo.

"Burl! Mke wangu anauliza, tukiendelea kunywa maji yako na sisi tutaota kijani?"

Hilo lilimchoma. Miaka thelathini watu walipita pale kuzitazama nyasi zake, na sasa watapita kumtazama mtu aliyewanywesha majirani sumu.

Mafundi wenye leseni ya kupima vali walikuwa watatu mji mzima. Wa kwanza alikuwa na kazi hadi mwezi wa sita. Wa pili hakupokea simu. Wa tatu alisema atakuja Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni.

"Hiyo si miadi," Burl alifoka. "Hicho ni kifungo cha nyumbani!"

Jumatano jioni Verna alikuja sebuleni akiwa amevaa viatu vya ibada. "Twende wote kanisani, upoze hasira."

"Nikitia mguu tu, mchungaji ataanza tena."

"Mchungaji haumi. Anataka kukubatiza tu."

"Nimeshawakataa wachungaji watano, Verna. Sitachovywa kama biskuti kwenye chai, Curtis amekaa kiti cha mbele anatazama."

Verna alichukua mkoba wake akaenda peke yake, kama alivyokwenda kwa miaka arobaini na mitatu.

Alhamisi Burl alikaa barazani kuanzia asubuhi, chakula cha mchana akakilia hapo hapo. Fundi alifika saa kumi na nusu. Alipiga magoti kwenye kona ya uwanja, akafunga mipira yake ya kupimia, akafungua hiki, akafunga kile. Burl alisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Imefaulu," fundi alisema. "Hairudishi hata tone."

Curtis alikuwa kwenye sanduku la barua la nyumbani kwake, hatua chache tu.

"Sijasikia vizuri," Burl alisema. "Hebu rudia. Kwa sauti."

Ijumaa asubuhi Tonya Beasley alikuja mwenyewe, buti zimejaa matope. Verna alimkaribisha jikoni na kummiminia chai ya barafu.

"Bwana Ledbetter, naomba radhi. Hayakutoka kwako. Tumekagua mtaa mzima, chanzo tumekipata." Akafungua daftari. "Wala msiogope, haikuwa sumu, ni klorini tu, dawa ya kusafisha maji. Ila lazima niandike nani aliguswa na maji yale. Jumapili, kati ya saa nne na saa tano, nani alitumia maji hapa?"

"Mimi!" Kwa mara ya kwanza wiki ile Burl alijisikia vizuri. Sasa alikuwa mlalamikaji, tena mwenye haki. "Nilikuwa bafuni. Andika hivyo. Halafu nitajie huyo mtu, maana nataka nikamwambie ana kwa ana, mbele ya mtaa wote, ajue amemfanyia nini mwenzake!"

Tonya alimgeukia Verna kwanza, kama anayeomba msamaha.

"Ni kanisani kwenu, mama. Walikuwa wanajaza bwawa la ubatizo na kulipasha moto kwa ajili ya ibada ya jioni, mpira wa maji wakauacha umezama ndani, na bomba lao halina vali. Presha iliposhuka, nusu ya bwawa ikarudi kwenye bomba la mji. Nyumba yenu ndiyo ya kwanza kwenye bomba hilo likitoka kanisani."

Verna aliweka jagi mezani taratibu, akamtazama mumewe kuanzia miguuni, akapandisha macho taratibu.

"Burl," alisema, "na kichwa pia ulikiosha?"