Zamu ya Santuri

Sheria ilisema nyumba yenye santuri isibaki bila mtu ndani, na mlango wa Bi. Mwanakombo uliitii: haukumtoa mpaka mwingine aingie kushika zamu. Santuri alizikusanya mwenyewe tangu usichana wake na alizipenda mno, ila miaka ilikuwa imepita hajakanyaga barabarani.

Siku binti yake Nasra alipokuja kumjulia hali, alimwambia, "Niangalizie, mwanangu, nikaote jua kidogo hapo nje."

Jua lilitua hajarudi. Nasra alijaribu mlango, ukakataa. Akapiga simu.

"Mama, uko wapi? Watoto wananisubiri nyumbani."

Alisikia kelele za sokoni, na mama yake akicheka na watu. Kisha sauti ikamrudia, ya upole kabisa.

"Umezifuta vumbi?"