Tikiti la Ngiri

Wapo wanaoisimulia hii vibaya. Ninyi isikieni ilivyo. Ngiri alikuwa na shamba kavu na binti mmoja, Siwema, aliyeolewa ng'ambo ya mlima. Siku ya kuondoka binti alisema, "Baba, tikiti lako la kwanza likiiva, nitakuja tulile pamoja."

Basi Ngiri akalitamani tikiti hilo kuliko usingizi. Jirani yake Kobe alikuwa ametoboa vibuyu, akavilaza mashinani vidondoshe maji tone kwa tone.

"Nikutengenezee na wewe, jirani?"

"Hayo ni maji au machozi?" Ngiri akacheka. "Mimi namleta Tembo!"

Tembo akaja, akainua mkonga, akarusha maji juu hadi upinde wa mvua ukatokea. Kijiji kizima kikapiga makofi. Upepo nao ukayapeleka maji yote porini. Magugu yakanenepa, matikiti yakanyauka.

"Kazi yangu ni kurusha, mzee," Tembo akasema, akaenda zake.

Tangu hapo Ngiri akawa anakaa ukingoni mwa shamba, palepale kila jioni, akitazama njia ya mlimani na kulia. Machozi yakadondokea mahali pamoja. Mbegu iliyosahauliwa hapo ikachipua, ikatambaa, ikazaa.

Siwema akaja, akamega kipande, akatafuna.

"Tamu, baba! Lakini mbona lina chumvi?"

"Kula tu, mwanangu," Ngiri akasema. "Nililimwagilia kwa mtindo wa Kobe."

Anayebisha akapande lake, alie mwenyewe.