Rimoti ya Mgongo wa Bi Mwajabu

Wageni walipomaliza vitumbua, Sefu alichukua rimoti. Haikuwa ya televisheni. Ilikuwa ya kile kidude, kidogo kama kiberiti, ambacho madaktari walikipandikiza chini ya ngozi ya kiuno cha mama yake, Bi Mwajabu, kipeleke umeme kwenye uti wa mgongo na kumtuliza maumivu.

"Mama, simama wakuone." Akawageukia wageni. "Nikizima tu, hanyooki."

"Usizime, Sefu. Ijumaa ulinizima mbele ya majirani. Mimi si redio."

"Kidogo tu, Mama. Hawa wametoka mbali."

Akazima. Moto ukamshuka Bi Mwajabu kutoka kiunoni hadi kisigino. Akang'ang'ania meza, birika la chai likaanguka. Mgeni mmoja akapiga makofi.

Bi Mwajabu hakulia. Alimpokonya mwanawe rimoti, akaiwasha, akangoja mpaka mgongo ukanyooka. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, akilikaza kwa meno.

"Mama, unaniaibisha mbele za watu."

"Nani kamwaibisha mwenzake?"

Hakuna aliyeinuka. Sefu alibaki amekinga kiganja arudishiwe rimoti, mama yake amesimama wima mbele yake, na chai ikidondoka kutoka mezani, tone kwa tone.