Mtama wa Mzee Yoramu

Edina aliing'ata tena ile punje. Ilivunjika kwa mlio aliouzoea tangu utotoni. Ulikuwa mtama wao, hapana shaka, ila haukutoka kwenye pakiti yao. Mteja mmoja alikuwa ameununua kwa kisado, mnadani Chemba.

"Unauzwa waziwazi, dada," mteja alisema. "Nikadhani mmefungua tawi."

Mtama ule ndio ulioijenga kampuni ya familia. Kila mgeni aliyefika dukani kwao Chang'ombe alisimuliwa jinsi Mzee Yoramu, baba yake Edina, alivyopita shambani mwaka wa njaa akitafuta masuke yaliyosimama wakati mengine yote yamekauka. Akayatunza, akayapanda, akaanza kuuza mbegu. Miaka arobaini ilikuwa imepita na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Edina alikuwa akiiandika historia hiyo kwa ajili ya sherehe ya mwezi ujao.

Basi kulikuwa na mwizi, na mwizi huyo alikuwa wa ndani.

Ufunguo wa ghala walikuwa nao watu wawili tu: baba yake, na Damas, mtunza ghala. Kila baada ya mavuno Damas aliondoka na lori Jumamosi, akarudi Jumapili watu wakiwa kanisani.

"Napeleka mbegu Bahi," ndivyo alivyosema siku zote.

Edina akampigia simu wakala wa Bahi. Hakuwa amemwona Damas tangu mwaka juzi.

Akaenda kwa baba yake, akamkuta barazani anasikiliza redio.

"Shikamoo baba. Mzee Damas anatuibia."

"Marahaba." Mzee akazima redio. "Damas mwache."

"Baba, anadanganya. Haendi Bahi."

"Nimesema mwache, Edina. Yule nimeanza naye."

Sauti ya mzee ilitetemeka. Edina akamwonea huruma. Anaibiwa na rafiki yake, alijiambia, na hataki kuona.

Jumamosi iliyofuata lori lilipotoka, Edina alilifuata kwa gari dogo. Pembeni yake alikaa Sila, askari aliyesoma naye sekondari. Lori halikugusa njia ya Bahi. Lilishika njia ya kaskazini hadi Chemba, likaingia kwenye ua mmoja nje kidogo ya mji.

"Tuwape nusu saa," Sila alisema. "Tuwakute na mzigo mkononi."

Walipoingia, wanaume wawili walikuwa wamebeba magunia kando ya lori. Yote yalikuwa na jina la kampuni. Damas alikuwa akihesabu. Mbele ya nyumba, bibi mmoja alikuwa anapepeta mtama kwenye ungo.

"Leo nimekupata, Mzee Damas!" Edina alipaza sauti. "Miaka yote hii baba yangu anakuamini!"

Damas akavua kofia.

"Simameni hapo," Sila akawaambia wabebaji. "Hakuna kushusha hata gunia moja."

Wale wanaume wakatazamana.

"Kushusha, afande?" mmoja akauliza. "Sisi tunapakia."

Edina akamgeukia Damas. Mzee yule alikuwa akitazama chini.

"Kila mwaka namwambia akueleze, mwanangu," Damas alisema taratibu. "Kila mwaka anasema bado."

Bibi akaweka ungo chini, akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Alimwangalia Edina usoni kwa muda mrefu, bila hasira.

"Wewe ndiye binti wa Yoramu. Karibu. Mimi ni Batuli. Mwambie baba yako mwaka huu mzigo ni mdogo. Shamba la bondeni nimempa mwanangu, na yeye hataki magunia yenu. Anasema mbegu ya bibi yake, mama yangu mzazi, atauza mwenyewe mnadani."

Sila akakohoa, pingu mkononi.

"Haya, Edina," alisema. "Nimkamate nani?"